Giza la Kirumba na Kamera za Leo

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii ingefaa kutundikwa mlangoni pa kila duka liuzalo kamera za sinema, kwani katika robo karne iliyopita ni vyombo vichache vya sanaa vilivyosifiwa kwa upya wao kama kamera ya kidijitali. Kila mwaka huzuka nyingine, na kila inayozuka husemwa kwamba imeipiku ya jana kwa ukali wa picha, kwa wingi wa rangi na kwa uwezo wa kuona gizani. Katika makala hii nasi tunakusudia kuzilinganisha kamera hizo, lakini hatutazipima dukani. Tutazichukua hadi ufukweni Kirumba, katika jiji la Mwanza, jiji ambalo kamera moja ndogo ilipita zaidi ya miaka ishirini nyuma na kuacha ugomvi usiokwisha. Hapo tutaziuliza swali moja: chombo hiki kinamwonaje mtu wa hapa?

Huenda msomaji aliyezoea kukutana na vina na mizani katika kurasa hizi akashangaa kamera zina udugu gani na ushairi. Udugu upo, na ni wa karibu. Mtunzi wa utenzi hujifunga kwa mizani minane katika kila kipande, na mtunzi wa shairi hujifunga kwa mizani kumi na sita katika kila mshororo. Kabla hajatamka neno, bahari aliyoichagua imekwisha kumruhusu mambo fulani na kumnyima mengine. Kamera nayo ni bahari ya namna yake. Ina kipimo chake cha mwanga, cha rangi na cha masafa, na kila kilicho nje ya kipimo hicho hakiingii katika picha. Anayehakiki filamu bila kujua ilipigwa kwa kamera gani ni sawa na anayehakiki utenzi bila kuhesabu mizani yake: anaweza kusema mengi ya kweli, lakini hataeleza kwa nini mtunzi alikata neno pale alipolikata.

Filamu ya mapanki

Mwaka 2004, katika tamasha la filamu la Venice, mtengeneza filamu kutoka Austria, Hubert Sauper, alionyesha filamu yake ya hali halisi iitwayo Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin. Ilipigwa Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria. Mhusika wake mkuu ni samaki. Sangara ni mgeni katika ziwa lile. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawala furu wa asili hadi aina zao nyingi zikatoweka, na kuanzia miaka ya 1980 akawa bidhaa kubwa ya viwanda vya minofu. Minofu hiyo ilipakiwa katika ndege za mizigo na kupelekwa Ulaya. Kilichobaki, yaani vichwa na mifupa yenye nyama kidogo iliyosalia, ndicho watu wa Mwanza wakiitacho mapanki.

Filamu inauliza ndege hizo zilikuja na nini kabla ya kuondoka na samaki, na inaelekeza kidole kwenye silaha za vita vya Afrika. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2006, na mwaka huo huo ikapata tuzo ya César ya Ufaransa kwa filamu bora ya kwanza. Lakini mwaka huo huo pia Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, aliilaani hadharani, na mjini Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Huko Ufaransa mabishano juu ya ukweli wake yalifika hadi mahakamani. Nchini kwetu haikupata hata kuitwa kwa jina lake. Magazetini na barazani iliitwa filamu ya mapanki, na katika jina hilo mna uhakiki mzima: watu waliona kwamba mgeni alikuja kwenye meza yao na kupiga picha ya mifupa.

Tangu hapo filamu ile imejadiliwa kwa upande wa maudhui tu. Je, silaha zilikuwamo ndegeni au hazikuwamo? Je, mapanki ni chakula cha maskini au cha kuku? Maswali hayo yana uzito, na katika mengine, kama lile la mapanki, jibu ni kwamba yote mawili yalikuwa kweli. Fani ya filamu, hata hivyo, haikuguswa, na fani ndiyo iliyomfanya mtazamaji wa Paris aamini na mtazamaji wa Mwanza akasirike.

Fadhila za kamera ndogo

Sauper hakuja na kikosi. Alishika kamera mwenyewe, akiwa na mwenzake mmoja, na kamera yenyewe ilikuwa ya video ya kidijitali, ndogo kiasi cha kubebwa mkononi. Mwenyewe ameeleza kwamba ili wafike walikofika iliwabidi wakati mwingine wajifanye watu wengine. Tukilinganisha na kamera ya filamu ya milimita 35, ambayo ndiyo iliyokuwa kipimo cha sinema ya kitaalamu siku zile, tofauti ni kubwa. Kamera ile ilitaka taa, jenereta, fundi wa sauti, msaidizi wa kupima masafa na gari la kubebea vyote hivyo. Isingeweza kuketi katika chumba cha marubani wanaokunywa bia bila chumba hicho kugeuka jukwaa na marubani kugeuka waigizaji.

Fadhila za udogo huo zinaonekana tangu mwanzo. Kivuli cha ndege kinateleza juu ya maji ya ziwa, kisha tumo ndani ya mnara wa kuongozea ndege, ambapo mwongozaji mmoja anahangaika na mdudu anayevuma kwenye kioo. Hakuna msimulizi anayetufafanulia. Kamera imesogea karibu na mtu, imekaa kimya, na kutokana na jambo dogo lisilo na maana tunaelewa kwamba katika uwanja huu mambo makubwa hupita huku wahusika wakishughulika na mdudu. Huo ni ufundi wa mshairi, na kamera kubwa isingeupata.

Vivyo hivyo kwa rubani anayekiri, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba aliwahi kupeleka vifaa vya vita Angola kisha akarudi Ulaya na shehena ya zabibu kutoka Johannesburg. Maungamo ya namna hiyo hayatolewi mbele ya taa na mafundi kumi. Yanatolewa mbele ya mtu mmoja aliyekwisha kukaa nawe siku nyingi, ambaye chombo chake umekwisha kukisahau. Tukitaka kuwa wa haki, ni lazima tuseme wazi kwamba bila kamera ile ndogo filamu ile isingekuwapo kabisa.

Kasoro zake

Lakini bahari iliyompa Sauper ukaribu ndiyo iliyomnyima mwanga. Picha ya video ya kidijitali ya wakati ule, kwa kipimo kilichotumika Ulaya na kwetu, ilikuwa na pikseli 720 kwa upana na 576 kwa kimo, yaani chembe za picha zipatazo laki nne na kumi na tano elfu. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa katika kubeba mwanga na giza kwa pamoja. Kilichong'aa kidogo kiliungua na kuwa doa jeupe. Kilichofifia kidogo kilizama katika weusi wenye punje zinazotambaa kama siafu.

Tazama basi jinsi mlinzi wa usiku anavyoonekana katika filamu ile, mtu mwenye upinde na mishale anayelinda lango la taasisi. Uso wake unatokeza na kuzama. Jicho linang'aa, shavu linapotea. Nyuma yake hakuna kitu: wala mti, wala nyumba, wala jirani. Mtazamaji wa Ulaya anayekaa katika ukumbi wenye starehe hajui kwamba utupu ule ni upungufu wa kamera. Anadhani ni Afrika. Kwake giza limekuwa hoja, na hoja hiyo inaungana na jina la filamu, jinamizi, hata isiwezekane tena kutenganisha alichokiona mtengenezaji na ambacho chombo chake kilishindwa kukiona.

Aidha, liko giza la pili ambalo halikutokana na kamera hata kidogo, nalo ni la lugha. Mlinzi yule anazungumza Kiingereza cha kuokoteza. Hali kadhalika wengi wa wanaohojiwa. Mtu ambaye kwa Kiswahili angeweza kutoa methali, kejeli, kisa na fumbo, anabakishiwa maneno machache ya kigeni, na maneno hayo machache yanamfanya aonekane mwenye mawazo machache. Sisi tunaoishi kwa lugha hii tunajua umbali uliopo kati ya mtu anapoomba maji kwa lugha ya watu na anapotoa kauli kwa lugha yake. Wapenzi wa ushairi hawahitaji kuambiwa kwamba kumnyima mtu lugha yake ni kumzimia taa.

Giza la tatu ni la ukingo wa picha. Kila picha ina mpaka, na kuchagua mpaka ni kuchagua cha kuacha. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, na filamu ile imeifanyia methali hiyo kazi kuliko ilivyostahili. Mapanki yenye funza yapo, na kuyatazama si kosa. Mwanamke anayeyaanika amepoteza jicho, na jicho hilo ni shutuma ambayo hakuna maandamano yanayoweza kuifuta. Ila mtu aliyeiona filamu ile peke yake hataweza kukuambia kwamba jiji hili lina soko, shule, misikiti na makanisa, timu za mpira na mashabiki wao, na watu wanaoamka asubuhi kwenda kazini wasizofukuzwa wala kuuawa.

Taa za dagaa

Hapa ndipo inapofaa tufike Kirumba yenyewe. Wasomaji wa pwani huenda wanaijua kwa uwanja wake wa mpira, uwanja wa CCM Kirumba, lakini watu wa ziwani wanaijua zaidi kwa soko lake la samaki la Mwaloni. Dagaa waliokaushwa hushushwa hapo kutoka visiwani, wakapimwa na kujazwa katika magunia, wakabebwa na wachukuzi mgongoni hadi kwenye malori, kisha wakaelekea mikoani na nchi jirani, Kongo ikiwamo. Sangara alipanda ndege, dagaa alipanda lori. Biashara ya dagaa ni ya watu wengi wenye mitaji midogo, wanawake wakiwa wengi miongoni mwao, na haikuwa sehemu ya hoja ya filamu ya mapanki.

Namna dagaa wanavyovuliwa ni mtihani mzuri kuliko wowote wa kamera. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mwezi, kama wenzake wa Unguja na Pemba wafanyavyo baharini. Huziweka taa zake juu ya maji ili dagaa wazifuate. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na sasa nyingi ni za betri na za nguvu ya jua. Mbalamwezi inapokomaa kazi husimama, kwa sababu taa haimshawishi dagaa ziwa zima linapong'aa. Mtu aliyesimama pwani usiku wa giza huona taa hizo kama mji ulioelea.

Mpe mpigapicha wa mwaka 2004 usiku huo na kamera yake ya mkononi. Akiirekebisha kwa ajili ya taa, mvuvi anatoweka na taa zinabaki kama tundu jeupe kwenye kitambaa cheusi. Akiirekebisha kwa ajili ya uso wa mvuvi, taa inaungua na kuumeza mtumbwi wote. Hana namna ya kuonyesha kile ambacho jicho la mtoto wa Kirumba linakiona bila taabu: mwali, mkono unaoushika, na uso wa mwenye mkono huo, vyote pamoja.

Kamera za leo

Safari kutoka kamera ile hadi za leo ni fupi kwa miaka lakini ndefu kwa hatua. Mwaka 2007 kampuni ya RED ya Marekani iliuza kamera yake ya kwanza, RED One, yenye picha ya 4K, kwa bei iliyokuwa chini sana ya zile za washindani wake. Mwaka 2008 Canon EOS 5D Mark II, kamera ya picha mnato, iliweza kurekodi video kamili ya kiwango cha juu, na wapigapicha wa harusi na wa muziki katika miji yetu wakaipokea kwa mikono miwili. Mwaka 2010 ARRI ya Munich, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1917, ilitoa Alexa, na kwa kamera hiyo wengi wa walioapa kwamba hawataacha utepe wa filamu waliuacha. Mwaka 2018 Blackmagic ya Australia ikauza kamera ya mfukoni ya 4K kwa dola 1,295. Mwaka 2021 Sony ikatoa FX3, na mwaka 2022 ARRI ikatoa Alexa 35.

Tuzichukue hizi mbili za mwisho, kwani zinawakilisha njia mbili. Mafundi hupima uwezo wa kamera wa kubeba mwanga na giza kwa hatua, na kila hatua ni mwanga maradufu ya ile iliyoitangulia. ARRI hutaja hatua 17 kwa Alexa 35. Maana yake, katika picha moja kamera hiyo inaweza kubeba kitu kilichofifia pamoja na kingine kinachokizidi kwa mwanga zaidi ya mara laki moja na thelathini elfu. Kamera ya mkononi ya 2004 ilibeba nusu ya hatua hizo au pungufu. Kwa lugha ya Kirumba, Alexa 35 inauona mwali wa taa na uso wa mvuvi kwa wakati mmoja, tena inaugeuza mwali huo kuwa mweupe polepole, kama jicho lifanyavyo, badala ya kuukata ghafla.

FX3 haifiki hapo. Lakini ina uzito usiofika kilo moja bila lenzi, na bei ya Alexa 35 moja ingenunua zaidi ya FX3 kumi. Picha yake ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, ambazo ni mara 20 kamili ya zile za video ya zamani, na imeundwa kwa ajili ya giza: ina kipimo cha pili cha wepesi wa mwanga kinachofika ISO 12,800 bila picha kuharibika kwa punje. Mwaka 2023 filamu kubwa ya Marekani, The Creator ya Gareth Edwards, ilipigwa kwa kamera hiyo, na hapo ule mpaka wa zamani kati ya kamera ya wakubwa na kamera ya wadogo ukavunjwa mchana kweupe.

Basi kwa mara ya kwanza fadhila mbili zilizokuwa zikikimbiana zimekutana. Sauper alilazimika kuchagua kati ya ukaribu na mwanga. Anayekwenda Kirumba leo halazimiki. Anaweza kuketi mtumbwini na mvuvi, yeye peke yake, usiku wa giza, bila kuwasha taa ya ziada, na akarudi na uso wa mvuvi ukiwa mzima. Hapa ndipo tunapolifikia neno letu kuu: giza limekoma kuwa udhuru. Zamani, uso ulipopotea katika picha, tuliweza kukilaumu chombo. Leo uso ukipotea, ameupoteza msanii, na ana wajibu wa kutuambia kwa nini.

Ngozi na kipimo

Jambo hili ni zito zaidi kwetu kwa sababu ya historia. Kwa miongo kadhaa, maabara za Marekani na kwingineko zilirekebisha rangi za picha kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa kwa jina la Shirley, zenye sura ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Ngozi nyingine zilitoka vyovyote zilivyotoka, na picha zetu nyingi za zamani, zenye meno na macho tu, ni ushahidi. Chombo hakikuwa na chuki. Kilifundishwa kutazama na watu waliojiona wenyewe kuwa mizani.

Hata kabla ya hapo, kamera iliwahi kuletwa Tanganyika kwa nia ya kutupimia tunachostahili kukiona. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palifanywa jaribio la Baraza la Kimataifa la Wamisionari la kutengeneza filamu za kufundisha Waafrika, likiongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walichagua utepe mdogo wa milimita 16 kwa unafuu wake, sauti ikiwekwa kwenye sahani za santuri, na waliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika anafaa kupewa picha sahili zisizo na haraka. Huku nyuma watu wa Unguja walikuwa wakiingia sinema mjini tangu miaka ya 1920, wakitazama filamu za nchi mbalimbali bila kumwomba mtu awapunguzie kasi.

Tunayakumbuka haya ili tusiwe wepesi wa kuamini kwamba kamera bora italeta mtazamo bora. Kamera ya Vugiri ilikuwa rahisi na ndogo, na ilitumika kutazama kutoka juu. Kamera ya Sauper ilikuwa ndogo pia, na ilitumika kutazama kutoka karibu, lakini bila kusikiliza vya kutosha. Udogo ni ule ule. Mikono ni tofauti.

Mkono wenye chombo

Ushahidi wa hoja hii tunao nyumbani. Katika miaka ile ile ya mwanzoni mwa 2000, Dar es Salaam ilikuwa ikianza kutengeneza filamu zake za video, zile zilizokuja kuitwa bongo muvi. Girlfriend ya George Tyson ya mwaka 2003 ni miongoni mwa za mwanzo. Kamera zilikuwa za jamaa moja na ile iliyokwenda Mwanza. Lakini huko hapakuwa na jinamizi. Palikuwa na sebule zenye makochi, mapenzi na usaliti, na taa iliyowashwa kila pembe ili uso wa nyota uonekane. Mhakiki ana haki ya kulalamika kwamba taa zile zilikuwa nyingi mno na hadithi zilirudiarudia. Hata hivyo watu wale walizungumza Kiswahili, walicheka kwa Kiswahili, na hakuna mtazamaji aliyetoka akidhani Dar es Salaam ni shimo.

Karibu zaidi na wasomaji wetu ni Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021. Ndani yake vichochoro vya Mji Mkongwe vina vivuli vingi, usiku wake ni usiku kweli, na bado Denge na Yasmin hawapotei humo. Kivuli kimetumika kama kituo katika shairi: pumzi inakatwa ili neno linalofuata lisikike. Hilo ndilo tunalolitaka tunaposema giza si udhuru. Hatusemi giza lifutwe. Usiku usio na giza ni uongo mwingine, na baadhi ya vijana wanaonunua kamera hizi mpya wanaanguka katika uongo huo. Wanapiga usiku hadi unafanana na alasiri, kwa sababu tu chombo kinaweza. Giza liwe limechaguliwa, na aliyelichagua ajulikane.

Yuko atakayetupinga kwa kusema kwamba tunamhukumu Sauper kwa mizani ya leo. Pingamizi hilo lina haki kwa upande wa mwanga, na ndiyo maana tumeitenga kasoro ya kamera na kasoro ya mtu. Kwa punje na weusi wa picha hatumlaumu. Kwa lugha tunamlaumu, kwani mkalimani alipatikana mwaka 2004 kama apatikanavyo leo, na hahitaji betri. Atakuja mwingine aseme kwamba watu wa Mwanza walioandamana hawakuwa wameiona filamu yenyewe. Inawezekana kabisa kwamba wengi hawakuiona. Lakini hilo linaiongezea filamu ile deni badala ya kuipunguzia. Filamu iliyozunguka Venice, Paris na Los Angeles ilipaswa kuonyeshwa mapema na hadharani katika mji ambao uliitoa sura zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu wetu. Mgeni alikuja, akapata tuzo. Mwenyeji alipata habari zake kwa kusimuliwa.

Hukumu yetu

Tukiulizwa sasa, kati ya kamera hizi ni ipi tungeipeleka Kirumba, hatutajificha nyuma ya mafumbo. Alexa 35 ni bora kwa picha, na anayetaka kuigiza hadithi ya kutungwa, mwenye fedha, kikosi na kibali, asiione ghali. Lakini kwa filamu ya hali halisi tungechagua iliyo ndogo, ionayo gizani, FX3 au mwenziwe wa daraja lake, na zile dola zilizosalia tungezigawa mara tatu. Fungu la kwanza lingenunua vinasa sauti vizuri, maana Kirumba ni mahali pa kusikilizwa kwanza: Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kiswahili cha ziwani hukutana juu ya gunia moja la dagaa, na mzaha wa wachukuzi hautafsiriki ukiwa umenaswa nusu. Fungu la pili lingelipia muda, mwezi baada ya mwezi, hadi mbalamwezi ije na kuondoka na mpigapicha ajue mvuvi hufanya nini usiku asioenda kazini. Fungu la tatu lingenunua shuka jeupe, mashine ya kuonyeshea sinema na mafuta ya jenereta, ili kabla ya Venice na kabla ya Toronto picha hizo zitundikwe pale pale Mwaloni.

Hapo kamera itapimwa na wanaoijua taa kuliko fundi yeyote wa Munich au Tokyo. Mama muuza dagaa atautazama uso wake ukubwa wa ukuta, na atasema kama ndio au sio. Akicheka, akamwonyesha jirani kwa kidole na kumwita mwanawe aje aone, kamera imefaulu. Akinyamaza akaondoka, basi hata zikiwa hatua 17, mpigapicha arudi mtumbwini aanze upya.